Kunoa wembe wa kukunja nyumbani: mpaka pande zikutane

Wembe wa babu yangu ulinifikia ukiwa umefungwa ndani ya soksi. Mpini mweusi uliopauka, chuma chenye madoa ya kutu, na kwenye shina limegongwa neno moja: Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani ulioishi kwa kufua panga, visu na nyembe kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1938 sheria ya huko inalinda jina lake lisigongwe kwenye chuma kilichotengenezwa kwingine. Ukiliona jina hilo kwenye wembe wa zamani, au ukaona Sheffield ya Uingereza, Thiers ya Ufaransa au Eskilstuna ya Sweden, uangalie vizuri kabla hujautupa. Kuna uwezekano mkubwa umeshika chuma kizuri.

Mimi nilianza vibaya. Nilimpa mnoa visu anayepita mtaani na baiskeli. Ni fundi mzuri wa visu na mapanga, sina ugomvi naye. Lakini wembe si kisu. Ulirudi unang'aa, makali yamechimbika kama mawimbi, na haukukata hata unywele mmoja wa mkono. Nikausugua kwenye kinoo cha jikoni wiki nzima, hali ikawa ile ile. Mwishowe nikaupeleka kwa mzee mmoja kinyozi wa Ngamiani, Tanga, aliyeanza kazi enzi ambazo kila kinyozi alikuwa na wembe wake wa kukunja na mkanda wa ngozi ukutani.

"Shikamoo babu. Nimeleta wembe, umekataa kunyoa."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu nione." Akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, makali yakimtazama usoni. "Huu pande zake hazijakutana. Mpaka zikutane, hata ukiunoa mpaka Ijumaa hautanyoa."

Maneno hayo ndiyo mwongozo huu wote. Yaliyobaki ni namna ya kuzikutanisha hizo pande, namna ya kujua kama zimekutana, na namna ya kuzilainisha baada ya hapo.

Kwa nini usiupeleke kwenye gurudumu

Gurudumu linaharibu wembe kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto. Makali ya wembe ni membamba mno, hayana chuma cha kutosha kupokea joto na kulisambaza, kwa hiyo cheche chache tu zinatosha kuyaunguza. Ukiona sehemu imegeuka rangi ya bluu, ujue imefika karibu nyuzi joto 300, na ule ugumu ambao mfua chuma aliuweka umekwisha hapo. Utanoa, utanyoa mara moja, kesho pamelala tena. Hakuna jiwe la kurudisha ugumu huo.

Ya pili ni pembe. Kisu cha jikoni, ukijumlisha pande zote mbili, hunolewa kwa nyuzi 30 hadi 40. Wembe ni kama nusu ya hapo. Na pembe yake haitegemei jicho la fundi hata kidogo, maana imejengwa ndani ya wembe wenyewe, kama nitakavyoeleza sasa.

Ujue wembe kabla ya kuugusa

Ufungue uulaze mezani. Upande mnene ni mgongo. Upande wa pili ni makali. Pembe ya makali iliyo karibu na mpini ni kisigino, ile ya mbali ni ncha. Kipande kisicho na makali, kinachoingia kwenye mpini, ni shina. Katikati ya mgongo na makali chuma kimechimbwa pande zote mbili, kimekuwa na tumbo la kuingia ndani.

Kwa sababu ya tumbo hilo, ukiulaza wembe juu ya jiwe lililo sawa, unagusa sehemu mbili tu: mgongo na makali. Hapo ndipo pembe inapopatikana. Wembe wangu una mgongo wa milimita 4.5 na upana wa milimita 16 kutoka mgongoni hadi kwenye makali, na hesabu yake inatoa pembe ya karibu nyuzi 16. Huhitaji kukisia wala kushikilia wembe uinuke kidogo. Ulaze tu. Mgongo ukigusa jiwe muda wote, pembe ni ile ile muda wote. Mgongo ukinyanyuka hata mara moja, unazungusha makali yawe duara na kufuta kazi ya nusu saa.

Ukitazama kwa lenzi utaona kandokando ya makali kuna ukanda mwembamba unaong'aa kuliko chuma kingine. Huo nitauita mteremko. Kuna mteremko upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto, na mahali miteremko hiyo inapokutana ndipo makali yalipo. Wembe butu ni wembe ambao miteremko yake imeachana, kati yake pamebaki kipara chembamba ambacho jicho tupu halikioni lakini shavu linakihisi.

Kabla ya kununua hata jiwe, kagua mambo matatu. Kama kuna ufa popote, hata mdogo, achana na wembe huo. Ulaze juu ya kioo cha dirisha au cha meza, uguse ncha kwa kidole: ukichezacheza kama kiti chenye mguu mfupi, umepinda, na kwa mtu anayeanza huo ni mzigo. Tatu, tazama kutu. Kutu ya juu juu haina neno, itatoka kwa msasa laini na mafuta. Kutu iliyochimba vishimo pale kwenye makali ni habari nyingine. Kila kishimo kitafunguka na kuwa pengo mara jiwe litakapokifikia.

Wembe uliotumiwa na mtu mwingine uoshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ukaushwe, kisha ufutwe kwa spiriti. Usiuchemshe, mpini wa pembe au wa plastiki ya kizamani utapinda. Na ukishakuwa wako, uwe wako peke yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na damu inayovibeba inaweza kuwa kidogo kiasi kwamba huioni. Wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Tahadhari moja kwa anayetaka kununua mpya: mitandaoni kuna vitu vyenye umbo la wembe vinavyouzwa kwa bei ya soda kadhaa, chuma chake laini, mgongo wake haujanyooka. Utailaumu mikono yako bure. Bora wembe mkuukuu wa chuma kizuri kuliko mpya wa namna hiyo.

Vifaa

Unahitaji jiwe la namba 1000, jiwe la 4000 au 5000, na jiwe la 8000. Namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi. Yapo mawe ya pande mbili yenye 4000 upande mmoja na 8000 upande wa pili. Norton wana la namna hiyo, na watu wengi wamejifunzia hapo. Namba 12000 ni nzuri ukiwa nayo, lakini usisubiri mpaka uipate ndipo uanze. Jiwe liwe na urefu wa sentimita 20 hivi na upana wa sentimita 7. Kinoo cha mviringo au cha kushikia mkononi, kama kile cha kunolea panga, hakifai.

Asiyeweza kuagiza mawe ana njia nyingine, na mimi nimeitumia: kipande cha kioo kinene pamoja na filamu za kusagia. Ni karatasi laini za plastiki zenye chembe za kukwaruza zilizopimwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Mafundi wa nyaya za faiba huzitumia kung'arishia ncha za nyaya, kwa hiyo ukimjua mmoja muulize anakozinunua. Mpangilio wa mikroni 9, kisha 3, kisha 1 unafanya kazi ya mawe vizuri. Nyunyizia kioo maji, laza filamu juu yake, ibane itoke hewa yote, nayo itashika yenyewe bila gundi.

Hapa kuna mtego ambao uliniibia siku nyingi. Namba za msasa wa maji, ule unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, si kipimo kimoja na namba za mawe ya Japani. Msasa wenye alama P2000 una chembe za mikroni 10 hivi, ambazo kwa mawe ni jirani na namba 1000. Kwa hiyo mtu akifika kwenye msasa wa 2000 akadhani ameshapita hatua ya kwanza, ukweli ni kwamba bado yuko hapo hapo.

Vingine ni vidogo: mkanda wa ngozi, lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi kama ile wanayoweka mafundi saa jichoni, kalamu ya wino mzito usiofutika, penseli, utepe wa fundi umeme, taulo, taa ya mezani, na nyanya moja iliyoiva. Nyanya si mzaha, utaiona kazi yake.

Jiwe lenyewe liwe sawa

Jiwe hata likiwa jipya mara nyingi halijanyooka. Lichore mistari ya penseli ya kukatizana kama wavu wa samaki. Weka msasa wa maji juu ya kioo, mimina maji, ulisugue jiwe hapo uso chini. Tazama mistari. Palipobaki penseli pana bonde. Endelea mpaka wavu wote ufutike, kisha uchore tena na urudie. Ukifutika wote kwa pamoja kwa kusugua kidogo, jiwe limekubali. Kingo za jiwe uzisage kidogo zisiwe kali, maana kingo kali hukwangua wembe.

Kuna mawe ya kulowekwa mpaka yaache kutoa mapovu na kuna ya kunyunyizia maji tu. Fuata maelezo ya jiwe lako. Baadhi ya yale ya kunyunyizia hupasuka yakilowekwa mara kwa mara.

Jiwe la kwanza

Sasa tupunguze mwendo, maana hapa ndipo wembe unapopatikana au kupotea. Mawe yanayofuata yanalainisha tu makali yaliyokwisha kuzaliwa hapa. Wengi huondoka kwenye 1000 baada ya dakika kumi kwa sababu wana hamu ya kufika kwenye jiwe zuri la mwisho. Wanapata wembe unaong'aa kama kioo ambao haunyoi. Mng'ao si makali.

Kaa mezani, taa ubavuni. Tandika taulo chini ya jiwe lisiteleze. Toa watoto chumbani, zima simu. Bandika utepe wa umeme juu ya mgongo, tabaka moja tu, uliovutwa vizuri usiwe na mikunjo. Utaulinda mgongo usilike, na utaongeza pembe kwa karibu nyuzi moja, kiasi kisicho na madhara. Sharti ni moja: ukianza na utepe, malizia na utepe kwenye mawe yote. Ukitoboka, bandika mwingine.

Paka wino mteremko wa pande zote mbili, kutoka kisigino mpaka ncha. Shika shina kwa kidole gumba na cha shahada, mpini ukiwa umefunguka nje ya jiwe. Laza wembe, mgongo na makali vyote vikigusa. Anza na miviringo midogo, kama mtu anayefuta doa mezani, miviringo 20 upande mmoja, kisha geuza ufanye 20 upande wa pili. Ukigeuza, zungusha wembe juu ya mgongo wake. Makali yanyanyuke, mgongo ubaki umeguswa na jiwe. Kamwe usigeuzie kwenye makali.

Nguvu? Hapa kwenye 1000 unaruhusiwa kuongeza uzito wa kidole kimoja juu ya wembe, si zaidi. Chuma kimechimbwa kikawa chembamba, ukikandamiza kinapinda. Makali yananyanyuka kutoka kwenye jiwe na unabaki kunoa mahali ambapo si makali.

Baada ya raundi mbili, futa wembe, tazama wino kwa lenzi. Ulipotoka, jiwe limefika. Ulipobaki, halijafika. Ukibaki karibu kabisa na ukingo, miteremko haijakutana bado, endelea. Ukibaki kwenye kisigino au ncha peke yake, wembe wako una mkunjo kidogo, na dawa yake ni mwendo wa mshazari ninaoueleza hapo chini. Usijaribu kukandamiza sehemu iliyobaki ili uilazimishe.

Maji yana lugha yake pia. Sukuma wembe polepole makali yakitangulia: penye makali yaliyokaa sawa, maji yanakwea juu ya uso wa wembe. Penye kasoro, maji yanapita chini. Nilijifunza kusoma maji kabla sijajifunza kusoma lenzi, na mpaka leo nayaamini zaidi.

Baada ya miviringo, ingia kwenye mwendo wa mshazari. Unaanza kisigino kikiwa juu ya jiwe, unasukuma makali yakitangulia, huku unauvuta wembe ubavuni taratibu, mpaka unapofika mwisho wa jiwe ni ncha tu iliyobaki juu yake. Geuza juu ya mgongo, rudi vivyo hivyo. Kwenda na kurudi ni mwendo mmoja. Fanya 20, pima. Fanya 20 tena, pima tena.

Wembe uliochoka unaweza kutaka dakika 30 kwenye jiwe hili. Wa babu, baada ya lile gurudumu, ulinichukua jioni tatu. Usihesabu dakika, pima.

Namna ya kujua zimekutana

Kipimo cha kwanza ni mwanga. Simama chini ya taa, makali yaelekee juu, uyatazame moja kwa moja kwa lenzi huku unaukatisha wembe taratibu kushoto na kulia. Makali ya kweli hayaonekani. Ni mstari mweusi usio na kitu. Mahali popote panapometa kama kinyota, hapo kuna kipara. Hiki ndicho alichokitazama yule mzee dirishani, na macho yake hayakuhitaji lenzi.

Cha pili ni nywele za mkono. Pitisha wembe chini kabisa, usawa wa ngozi, bila kukandamiza. Kila sentimita ya makali, kisigino, katikati na ncha, ikate nywele kwa wepesi ule ule. Sehemu moja ikikataa, kazi haijaisha, hata zingine zote zikikubali.

Cha tatu ni nyanya. Laza makali juu ya ganda la nyanya iliyoiva, usisukume. Uvute wembe kidogo kwa uzito wake wenyewe. Ganda lifunguke mara moja, bila kubonyea. Ujaribu kwa kisigino, katikati na ncha. Ukilazimika kusukuma hata kidogo, rudi kwenye jiwe.

Usipime kwa kupitisha kidole gumba kwa urefu wa makali. Vidole vimekatwa hivyo, na hakuna unachojifunza hapo ambacho nyanya haitakwambia.

Vipimo vyote vitatu vikikubali, kwa urefu wote, ndipo uondoke kwenye 1000. Osha wembe, osha mikono, badilisha maji. Chembe moja ya jiwe la kwanza ikiingia kwenye jiwe la mwisho itachora mfereji ambao utaulaani.

Mawe yanayofuata

Kazi ya 4000 ni kufuta mistari ya 1000. Miendo ya mshazari 30 hadi 40, uzito wa wembe peke yake pamoja na mkono unaouongoza. Kwenye lenzi mistari mikubwa itapotea, ibaki mikwaruzo midogo inayofanana. Ukiona mfereji mmoja mrefu umebaki, usiupite, utakuja kuonekana kama pengo kwenye makali.

Kwenye 8000 mkono uwe mwepesi zaidi. Mzee aliniambia nishike wembe kama ninayemshika kifaranga, asikimbie wala asiumie. Miendo 40 tena, na mitano ya mwisho iwe kama wembe unaelea juu ya maji. Utahisi jiwe limeanza kuuvuta wembe kidogo, kama limeung'ang'ania. Ni dalili njema, nyuso mbili laini zimekutana na maji katikati. Nywele za mkono sasa zinakatika kabla wembe haujafika kwenye ngozi.

Usiendelee kunoa ukidhani zaidi ni bora. Ukizidisha, makali yanakuwa membamba kupita uwezo wake, yanaota unyuzi wa chuma unaomeguka. Lenzi itauonyesha kama uzi unaopeperuka ukingoni. Ikitokea, vuta wembe mara tatu nyuma, mgongo ukitangulia, bila uzito wowote, halafu fanya miendo mitano ya kawaida.

Mwenye 12000 afanye miendo 20. Asiye nayo apake unga wa kijani, oksidi ya kromiamu, kwenye kipande cha ngozi au jinzi iliyobandikwa juu ya ubao ulionyooka, apitishe wembe mara 10 mgongo ukitangulia. Kidogo sana kinatosha, kama kivuli cha rangi tu. Usiupake kwenye mkanda wako wa kila siku.

Mkanda

Kwenye mawe makali yalitangulia. Kwenye mkanda ni kinyume: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukikosea hapo unaukata mkanda na kuharibu makali kwa pamoja. Ondoa utepe mgongoni kabla ya kuanza.

Mkanda wa suruali mpana wa ngozi halisi, usio na mishono wala nakshi, unafaa kabisa. Ufunge kwenye kitasa au msumari imara, uuvute ukaze. Ukilegea unabonyea katikati na kuyazungusha makali. Anza na kipande cha kitambaa kilichokazwa vivyo hivyo, kitani au turubai safi, mara 30, kisha ngozi mara 50 au 60. Ukifika mwisho, zungusha wembe juu ya mgongo wake kwanza, ndipo urudi. Nenda polepole. Ile kasi ya vinyozi wakongwe ilikuja baada ya miaka, na haikuwa ndiyo iliyonoa.

Kuujaribu usoni

Oga kwanza au weka kitambaa cha maji ya moto usoni kwa dakika mbili. Povu la sabuni liwe jingi na lenye maji. Vuta ngozi ikaze kwa mkono mwingine. Inua mgongo wa wembe kutoka kwenye ngozi kwa nyuzi 30 hivi, na ufuate uelekeo wa ndevu. Siku ya kwanza mashavu peke yake yanatosha. Kidevu na mdomo wa juu vimalizie kwa kifaa ulichozoea.

Kwa sisi wenye ndevu za kujikunja, hapa ndipo subira inapolipa. Kifaa chenye nyembe nyingi huukata unywele chini ya usawa wa ngozi, nao ukiota unajikunja na kuchoma ngozi kutokea ndani. Vile vipele vya shingoni vinaanzia hapo. Wembe mmoja mkali, unaofuata uelekeo wa ndevu, huukata unywele kwenye usawa wa ngozi na kuuacha nje. Mimi nilitoka na vipele kwa miaka kumi na moja, na shingo yangu sasa imetulia.

Ukisikia unavuta kama unang'oa, usiendelee. Ukivuta sehemu moja tu, iandike kumbukumbu ni kisigino au ncha, maana hapo ndipo pande hazikukutana. Rudi kwenye 1000, si kwenye 8000. Ukivuta kote kidogo kidogo, jaribu kwanza mkanda mara 50 zaidi. Ukikata vizuri lakini unachoma ngozi, makali yamebaki na mikwaruzo, ongeza miendo 20 ya 8000 na mara 10 za unga wa kijani.

Kuutunza

Ukimaliza kunyoa, suuza, kausha kwa kitambaa laini kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, upitishe kwenye ngozi mara 10 kuondoa unyevu uliofichika. Nyembe nyingi za zamani si za chuma kisichoshika kutu, na sisi wa pwani tunajua hewa ya bahari inavyokula msumari ukutani. Tone moja la mafuta ya cherehani, lisambazwe kwa kidole kutoka mgongoni, linatosha. Usiuache bafuni. Wangu unalala kwenye droo ya chumbani, ndani ya kitambaa kikavu, na ile soksi ya babu nimeihifadhi pembeni yake.

Kila kabla ya kunyoa, mkanda: 20 kwenye kitambaa, 50 kwenye ngozi. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuhisi unavuta kidogo. Unga wa kijani mara 10, au 12000 miendo 15, unaurudisha. Hilo likishindwa, anza 8000. Kwenye jiwe la 1000 rudi tu kama umeuangusha ukapata pengo, au kama kutu imefika kwenye makali. Wa babu haujarudi huko tangu zile jioni tatu.